Alama Mbili kwa Chili ya Bosi

Benchi lilikuwa la kituo cha basi, ila basi liliacha kupita pale miaka kumi na moja iliyopita, na manispaa, yenye fomu ya kila kitu chini ya jua, haikuwa na fomu ya kuondoa benchi. Likabaki mbele ya dirisha la Mama Donati, muuza donati na kahawa, kusini mwa jimbo la Ohio, Marekani, likageuka mahakama. Upande wa kushoto hukaa Lamar Hutchens, ambaye aliwahi kuitwa siku mbili kuwa mzee wa baraza katika kesi ya mashine ya kukatia majani iliyoibiwa. Tangu hapo anaitwa Jaji, naye hajawahi kukanusha. Kulia hukaa Shemasi, ambaye ni shemasi kweli. Jumatano hiyo asubuhi, katikati yao alikaa Verlin Stroud, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo katika kiwanda cha maboksi kwa miaka kumi na tisa, na tangu jana saa tano, dereva wa hewa. Mfukoni alikuwa na karatasi ya kiwanda. Akiitia sahihi kabla ya saa sita mchana, atalipwa mshahara wa wiki sita, na hatamshtaki mtu yeyote kwa lolote hadi kiyama. Kalamu walimpa bure.

– Tuanze upya, alisema Jaji. Bosi alikwambia kosa lako nini?

– Hakusema. “Verlin, tunaachana.” Miaka kumi na tisa, maneno mawili.

– Lakini sababu unaijua.

– Mji mzima unaijua. Chili.

Jumamosi, kwenye mashindano ya kikosi cha zimamoto ya kupika chili, ule mchuzi mzito wa nyama, maharage na pilipili, Verlin alikuwa mmoja wa waonjaji watano. Ya bosi aliitambua kwa harufu tu: mdalasini umemwagwa kama saruji. Akaipa alama mbili kati ya kumi.

– Mbili! Shemasi alishika kichwa. Ndugu yangu, hata Yuda ningempa tatu.

– Ilikuwa na zabibu kavu.

– Aa. Shemasi alikunywa kahawa. Basi hiyo mbili ni huruma.

– Na ushahidi ninao, aliendelea Verlin. Jumatatu kaniita ofisini. “Verlin, una jambo ungependa kuniambia?” Nikamwambia, “Bosi, kila ulimi na ladha yake.” Alinitazama kama nimemtemea mate kikombeni.

– Umekwisha, alisema Jaji kwa raha ya mtu anayejua. Sikiliza, mdogo wangu. Hapa kwetu ajira ni ya hiari. Wewe unaondoka ukitaka, yeye anakutoa akitaka: kwa sababu nzuri, kwa sababu ya kijinga, au bila sababu. Hata akichukia masikio yako.

– Sasa hiyo ni haki?

– Nani kasema haki? Nimesema sheria. Kukuonea ni kitu kimoja, kuvunja sheria ni kingine. Sheria ina orodha yake ya sababu haramu: rangi yako, dini yako, umri wako, na kadhalika. Chili haimo.

– Dini! Shemasi akadakia. Zabibu ndani ya nyama ni suala la imani.

– Kanisa lenu limekataza zabibu?

– Halijakataza. Halijaulizwa.

Mama Donati alitoa kichwa dirishani, birika mkononi.

– Na uhuru wa kusema je? Ulimi unaosema ndio huohuo unaoonja. Katiba inamlinda!

– Katiba inaifunga mikono serikali, mama, siyo mwenye maboksi.

– Basi ni umri! Ana hamsini na tatu. Kaonja kama mtu mzima!

– Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Shemasi, akionyesha doa la chili kwenye koti la Verlin. Hakuna aliyeelewa alikuwa upande gani, lakini wote walitikisa kichwa kwa heshima.

– Tia sahihi, bwana, alihitimisha Jaji. Umeonewa, nakubali. Lakini kuonewa hakuna mahakama.

Verlin alikunjua karatasi juu ya goti, akabofya kalamu. Wakati huo tarishi wa posta, Imelda Kovach, mwezi wake wa kwanza kwenye njia ile, alikuwa anampa Mama Donati barua zake. Alikuwa amesikia vya kutosha.

– Samahani wazee. Hizo kadi za alama, mwonjaji anaandika jina?

– Haandiki, alisema Verlin. Mabakuli yana namba, kadi hazina jina, zinachanganywa ndani ya kofia ya zimamoto. Watu walishawahi kupigana.

– Sasa bosi alijuaje kwamba ile mbili ni yako?

Jaji alimtazama Shemasi. Shemasi alitazama kahawa. Mama Donati alirudisha kichwa ndani.

– Na kama hakujua, Jumatatu alikuwa anakuuliza habari gani?

Verlin aliutazama mkoba wa dada yule. Wiki mbili nyuma, kwenye benchi hilohilo, alitumbukiza humo bahasha ya kwenda serikalini, ofisi ya usalama kazini: foklifti namba nne haina breki, bosi ameambiwa mara tatu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, jina langu lisitajwe, au litajwe. Alitia alama kwenye cha pili, maana yeye si mtu wa kujificha. Na Jumatatu, mezani kwa bosi, chini ya kiganja chake, palikuwa na barua ya serikali, yenye nembo ya tai. Verlin alidhani ni mambo ya kodi.

– Jaji, alisema polepole. Kwenye ile orodha, mtu aliyeshtaki breki mbovu serikalini yumo?

Kwa mara ya kwanza tangu kesi ya mashine ya majani, Jaji alifikiri kabla ya kuhukumu.

– Yumo, alisema. Huyo, bwana, yumo kabisa.

Verlin akaigeuza karatasi, mgongo wake mweupe juu.

– Dada, ile bahasha nilikupa siku gani?

– Alhamisi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Akaandika Alhamisi, akaandika mvua, akaandika foklifti namba nne. Kalamu ya bosi ilikuwa inateleza vizuri sana.