Sentensi Moja, Kisha Funga Kitabu

Mwalimu Hyasinta Wanzagi anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha kusoma hapa hapa Kisorya. Mara mbili aliitwa kazi ya ofisini Bunda, mara zote mbili akakataa.

Kwenye vikao vyetu, mkuu wa shule akimaliza tangazo, Hyasinta humtaka mmoja wetu alieleze upya. Vikao vimekuwa virefu, ila hakuna anayesinzia.

Mimi ni Felisian, mwalimu wa taaluma, na nina jambo la kukiri. Mwaka 2009 nilijisifu kwamba darasa langu la tatu linasoma kwa sauti moja bila kukwama. Hyasinta akaja, akasikiliza, akawaambia wafunge vitabu, akauliza mbuzi wa kwenye habari ile aliuzwa wapi. Kila mtoto akabahatisha soko lake. Niliona aibu, na aibu ile nikamtupia Yunis, aliyesoma polepole kuliko wote. Nikaandika arudie darasa kwa mara ya tatu. Baba yake akasema kama ni hivyo anamtoa shule, akaanike dagaa. Hyasinta akaomba muhula mmoja tu.

Yeye aliona nisichokiona: Yunis alipambana na silabi hadi akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshapotea. Alitueleza kuwa kumbukumbu ya papo kwa papo ni kama kiganja, ukikijaza silabi, maana inamwagika. Basi alifunika ukurasa kwa kipande cha boksi, akaacha sentensi moja. Isome. Funga kitabu. Ieleze, hata kwa Kijita. Kesho yake ieleze tena kabla ya kufungua kitabu, na Ijumaa eleza ya Jumatatu. Maneno yakazoeleka, kiganja kikapata nafasi, na habari zikakaa kichwani. Mimi nilikuwaga nacheka: kwa mwendo huo kitabu kitaisha lini, jamani? Hakikuisha. Zilibaki kurasa kumi na moja, na Yunis akapanda la nne.

Leo Yunis ni muuguzi Butiama. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua dawa zangu za presha. Akanisomea maelekezo, akaifunika karatasi kwa mkono, akasubiri niyaeleze. Nilikwama kwenye dawa ya pili. Akanisomea upya, taratibu, bila kunicheka.

Asante, Mwalimu. Nenda nyumbani kwako Nyasho ukapumzike, Mungu akupe afya na wajukuu wenye maswali. Nanyi wenzangu, kabla ya kupiga makofi, mmoja asimame aeleze nimesema nini.