Foto ya Maman Libérate na Miayo ya Prefe

Eh, mula-ndagala wangu, ndugu wa kula dagaa pamoja, simama kidogo! Tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita, Maman Libérate anaingia mu pansheni, kisha kumaliza miaka makumi mbili na saba ya kuchunga bibliyoteki na ma-ordinateri, zile kompyuta, za masomo yetu, shule ya hapa Kimanga.

Alianza na kabati moja na panya mingi. Enternete ilipofika, yeye njo alitufundisha kutafuta picha na muziki za kutia mu kazi za banafunzi. Si kila picha ni ya kuokota. Kuko zenye mwenyewe aliachilia bantu batumie, lakini aliandika masharti pembeni: taja jina yangu, ao usiuzishe, ao usibadilishe. Bure, lakini na masharti? Hata balimu ilibazungusha kichwa.

Victoire wa mwaka wa sita alitia foto ya mashamba ya mupunga mu kazi yake juu ya Luvungi, akaandika chini: Google.

"Huyu Google alikanyaga matope ya Luvungi siku gani?" Maman akauliza.

"Sasa niandike nani, Maman? Kwa studio ya kupiga foto, foto ni ya mwenye iko ndani."

"Haya, omba mupunga ruhusa!"

Darasa lote chini, kucheka. Lakini Victoire alimutafuta mupiga foto mpaka akamupata, akaandika jina yake.

Sasa shida. Karatasi ya programu ya sherehe ya kumuaga, mimi njo ninaitengeneza, na inachapwa kesho; njo maana ninatuma hii kwanza mu WhatsApp ya balimu. Foto ya mbele alipiga Espoir, mwanafunzi wetu wa zamani: Maman juu ya pikipiki, amepakata ordinateri sawa mutoto, anacheka. Hatuna ingine nzuri vile! Espoir aliiweka enternete na masharti: tumieni, mutaje jina yangu, musibadilishe kitu. Lakini pembeni, Prefe wetu, mukubwa wa masomo, anapiga miayo, kinywa wazi sawa kiboko ya muto Ruzizi. Pardon, Prefe.

"Kata ule upande wangu," ameamuru. "Kukata si kubadilisha!"

Ni kubadilisha, ao? Telefone ya Espoir haipite. Nikakimbilia Maman mwenyewe.

"Foto si yangu, mwanangu. Uliza Espoir." Akaendelea kupanga vitabu.

Aksanti kwa yote, Maman. Upumzike muzuri, na bajukuu bakuletee chai.

Lakini weye unayesoma: kuchapa foto pamoja na miayo ya Prefe, kukata, ao kumuaga Maman bila foto? Ungefanya nini?