Sjur Nedrebø, Aliyerudi Kupika Pombe Akiwa na Hofu Yake

Marehemu Sjur Nedrebø alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika shamba la Nedrebø, Voss, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Knut na Bibi Sigrid. Mdogo wake wa pekee, Arngeir, alizaliwa miaka mitatu baadaye.

Nyumbani kwao pombe ilipikwa mara mbili kwa mwaka: kabla ya Krismasi na kabla ya kukata majani ya ng'ombe. Chachu inapomiminwa pipani, desturi ni mtu kupiga ukelele ili pombe itoke kali. Sjur alipotimiza miaka tisa, baba yake alimkabidhi kazi hiyo. Akapiga ukelele mpaka farasi akakata kamba, akatimka hadi uani kwa mchungaji. Mzee Knut hakumkaripia. Alisema tu, "Hii ya leo itaangusha watu."

Alisoma shule ya bondeni kuanzia 1954 hadi 1961, kisha akajifunza ufundi mjini Voss. Alipenda hesabu. Kuimba hakukuweza.

Mwaka 1964 aliajiriwa na reli. Kwa miaka arobaini na mitano alitembea ndani ya mahandaki ya njia ya Bergen, taa mkononi na nyundo begani, akigonga mwamba na kutega sikio kama kuna jiwe lililolegea. Wenzake walisema Sjur hajui woga. Aliwaacha waseme.

Tarehe 23 Juni 1973 alifunga ndoa na Eldrid Mykle, fundi wa kushona. Mwaka 1975 walijaliwa binti, Gunnvor.

Linalofuata linasomwa kwa sababu marehemu mwenyewe aliomba lisomwe.

Jumamosi tarehe 8 Desemba 1979, pombe ya Krismasi ilikuwa katika siku yake ya pili, ikichachuka kwa nguvu kwenye mapipa sita, katika ghala lililo chini ya nyumba. Mlango wa ghala ulifungwa kwa sababu ya baridi. Hewa inayotoka kwenye pombe ya namna hiyo ni nzito; hutulia chini kama maji, haionekani, na anayeivuta hapati nafasi ya kuita. Wazee walilijua hilo, wakaacha mlango wazi hata kwenye theluji. Sjur pia alilijua.

Asubuhi hiyo alikuwa uani akinoa shoka. Arngeir alikuwa amekuja na mkewe, Borghild, kunywa kahawa.

"Hebu kachungulie mapipa," Sjur akamwambia. "Mimi mikono yangu michafu."

"Wewe siku zote mikono michafu," Arngeir akajibu akicheka, akashuka.

Sjur akaendelea kunoa. Arngeir alikuwa mtu wa mluzi, hakai kimya, na ule ukimya ndio uliomshtua kaka yake. Aliita mara tatu. Akashuka ngazi nne, magoti yakamlegea, masikio yakavuma, akarudi juu akitambaa. Eldrid alimfunga kamba kiunoni.

"Nikiivuta kamba, nivute," alisema.

"Na usipoivuta?"

"Nivute hivyohivyo."

Alibana pumzi akashuka tena, akamtoa mdogo wake. Walihangaika naye juu ya theluji karibu saa nzima. Arngeir alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Watu walidhani ameshuka mwenyewe kwenda kuonja, kama ilivyokuwa tabia yake. Sjur aliwasikia wakisema hivyo kanisani siku ya mazishi, akanyamaza. Kesho yake aliupigilia misumari mlango wa ghala. Kuanzia hapo hakupika. Alilala madirisha wazi hata Januari, na Gunnvor alikua akilala na kofia ya sufu kichwani. Borghild alihamia ng'ambo ya mto. Sjur alipomwona njiani, alivuka barabara.

Miaka thelathini na mitatu ikapita hivyo.

Oktoba 2012, Sjur akiwa amestaafu, jirani yao Torleiv alikuja na chupa iliyoviringishwa kwa taulo.

"Hii ni chachu ya kwenu," alisema. "Baba yako alinigawia mwaka ule chachu yangu ilipoharibika. Nimeitunza miaka yote hii. Sasa nahamia kwa binti yangu, ghorofani, na huko hakuna pa kupikia."

"Mimi sipiki, Torleiv. Unajua."

"Basi imwage wewe. Mimi siwezi."

Akaiacha mezani, akaenda zake. Chupa ilikaa siku tisa. Eldrid aliihamisha wakati wa kuandaa chakula, akairudisha palepale. Siku ya kumi Sjur akaigusa.

"Ukishuka kule chini," Eldrid akamwambia, "ukirudi utanikuta nimefunga mizigo."

"Sishuki. Nitapikia kibandani, milango yote wazi."

"Basi na mimi nitakaa mlangoni."

"Utaganda."

"Nigande."

Alikata matawi ya mreteni, mti unaoipa pombe ya kwao harufu na uchungu, akayachemsha kwenye sufuria kubwa ya shaba. Alipomimina kimea, nusu ikamwagika sakafuni. Ulipofika wakati wa kumimina chachu, alifungua kinywa apige ukelele, sauti ikagoma. Eldrid, pale mlangoni, na blanketi lake mabegani, ndiye aliyepiga ukelele huo.

Siku mbili zilizofuata Sjur aliweka mshumaa sakafuni kando ya mapipa, kwa kuwa hewa ile nzito huzima moto. Kila robo saa alichungulia kama bado unawaka. Asubuhi ya pili akaukuta umezimika. Alisimama kizingitini, akashindwa kuingia, akashindwa kukimbia, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Eldrid alimshika mkono.

"Ni upepo, Sjur. Milango iko wazi, umesahau?"

Siku ya tatu ndiyo ya kuonja, na majirani hualikwa. Sjur alivuka daraja kwenda kwa Borghild. Mara ya kwanza aligeuka njiani. Mara ya pili alibisha hodi.

"Shemeji," alisema, "nimepika."

Borghild akachukua koti.

Walipofika uani, kabla hajapewa bakuli, Sjur alimwambia mbele ya watu wote, "Mimi ndiye niliyemtuma. Hakwenda mwenyewe. Nilimtuma, na sikumwambia mlango ulikuwa umefungwa usiku kucha."

"Nilijua," Borghild akajibu.

"Nani alikuambia?"

"Eldrid, wiki ileile. Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Nimengoja mpaka nimezeeka."

Sjur akamjazia bakuli. Borghild akapokea bakuli, akapiga mafunda mawili, akasema mreteni umezidi, akaondoka kwa miguu. Hakuna aliyejua kama amesamehe. Desemba iliyofuata alikuja bila kualikwa, na bakuli lake mwenyewe mkononi.

Tangu hapo marehemu alipika mara mbili kwa mwaka, kwa raha zake tu, akiwagawia majirani. Aliupenda mno upishi ule. Hofu haikumwacha hata siku moja. Alijifunza kupika akiwa nayo.

Februari 2021 alianza kukohoa. Hospitalini walikuta mapafu yamekakamaa kwa vumbi la mwamba. Alimuuliza daktari waziwazi, "Je, mwisho wangu utakuwa kama wa mdogo wangu?" Daktari akamwambia kuna dawa za kumtuliza. Sjur hakuamini. Kukosa pumzi ndilo jambo aliloliogopa kuliko yote duniani, na sasa lilimjia polepole, ngazi kwa ngazi. Gunnvor alirudi kuishi nyumbani. Kila Alhamisi Borghild alikuja kuketi naye.

"Shemeji, naogopa," alimwambia Alhamisi moja.

"Najua. Na mimi naogopa. Vuta kidogo kidogo. Hivyo. Tena."

Wakavuta pumzi pamoja mpaka akatulia.

Marehemu Sjur alifariki dunia Jumanne tarehe 10 Oktoba 2023, saa nane mchana, nyumbani kwake, dirisha likiwa wazi. Hakupapatika. Pumzi zilikwenda zikipungua, hata waliokuwa naye, Eldrid, Gunnvor na Borghild, hawakujua ipi ilikuwa ya mwisho.

Ameacha mjane, Eldrid. Binti yake Gunnvor na mumewe Asle. Wajukuu wawili, Vetle na Sunniva. Na shemeji yake Borghild.

Pombe ya mazishi imepikwa wiki hii na Gunnvor. Ni mara yake ya kwanza, na hajalala usingizi wa maana tangu alipomimina chachu. Baada ya ibada, nyote mnakaribishwa Nedrebø. Mapipa yako kibandani na milango iko wazi. Familia inaomba asiingie mtu peke yake.

Mungu ampokee ndugu yetu Sjur, ampumzishe mahali pasipo na hofu.