Sifa za Mji wa Mlimani

Fundi wa kujalidi vitabu alikuwa akiteremka kwa basi kutoka mji wa mlimani, roho juu, mfukoni ana barua ya kazi ya chuo kikongwe ambayo bado hajaitia sahihi. Akamgeukia jirani yake wa kiti. “Dada, wewe mwenyeji. Nimpeleke mama huko, na kile kifua chake kisichopatana na baridi?”

“Mlete, kaka! Ukipiga chafya, mtaa mzima unakuja kukujulia hali. Chuo kikifungwa ndiyo kimya kinazidi kidogo.”

“Kidogo kiasi gani?”

“Utazoea. Mimi nimekaa miaka tisa.”

Mwenyeji kasema, mgeni nani abishe? Fundi akatoa kalamu.

Basi likasimama stendi. Dada akashuka mbio, akamwonyesha konda juu ya keria: “Vyangu ni kile kitanda, kabati, na magodoro yote mawili.”