Kaunti ya Kuchonga Kwenye Jiwe la Beryl

Benchi lenyewe limeelekea lango la kanisa kuu la Peterborough, Uingereza. Anayekaa hapo humwona kila anayeingia kusali na kila anayeingia kutafuta choo, na kijiwe hakikosi la kusema juu ya wote wawili. Hester Pridmore alikuwa na digrii ya jiografia, daraja la kwanza, na juzi ghala la mbogamboga lilikuwa limemwambia amesoma mno kubeba karoti. Basi asubuhi zake alizimalizia hapo, kati ya Clifford, aliyepuliza filimbi ya treni mpaka akastaafu na jina la Filimbi likamganda, na Donato, ambaye baba yake aliletwa kutoka Italia kufyatua matofali huko Fletton, pembeni mwa mji, naye akarithi kazi, mikono na jina la Tofali. Chupa ya kahawa ilikuwa ya Filimbi. Kikombe cha nne kilikuwa cha mzee Aubrey Setchell, mgane tangu mkewe Beryl alipofariki vuli, na leo hakukigusa.

— Mchonga mawe wa Stamford atapiga simu sasa hivi, alisema Aubrey. Anataka neno la mwisho la jiwe la kaburi la Beryl. Patasi ikishagonga, hakuna kufuta.

— Si jina na tarehe tu? aliuliza Filimbi.

— Kwao Beryl kila jiwe lina kaunti. Baba yake, mama yake, na yule shangazi mkali, wote wameandikwa “wa Soke ya Peterborough”, kaunti ya enzi hizo. Nisipoweka kaunti, Beryl ataonekana mtu wa kuokotwa. Nikiweka isiyo yake, atalala nayo mpaka kiama.

— Sasa kigumu nini hapo?

— Kazaliwa Soke, kaolewa kaunti ya Huntingdon na Peterborough, kafia Cambridgeshire.

— Kumbe alihamahama hivyo!

— Alihama kwa mama yake akaja kwangu, mtaa wa pili. Zilizohama ni kaunti.

Wote wakamgeukia Hester.

— Profesa, si we ndo umesomea haya? alisema Tofali. Neno “Profesa” alilitamka kama mtu anayemsifu mbwa aliyevaa viatu.

— Kisheria ni Cambridgeshire, tangu mwaka sabini na nne, alisema Hester. Ila ukirudi nyuma zaidi, hiyo Soke yenyewe ilihesabiwa ndani ya Northamptonshire.

— Ya nne hiyo! Aubrey alishika kichwa. Binti, nimekuomba unipunguzie, we unaniongezea!

— Haba na haba hujaza kibaba, Tofali alimfariji.

— Cambridgeshire siandiki. Beryl alikwenda Cambridge mara moja, mwenye duka akamtazama viatu. Hakurudi tena.

Filimbi alimimina kahawa, akajikohoza kama anayetangaza treni iliyochelewa.

— Kaunti ni maneno ya wanasiasa. Ukweli uko relini. Ukipanda treni hapa, hata sandwichi hujaimaliza uko London. Wako watu wanaishi London penyewe na hawafiki mjini upesi hivyo. Kwa hiyo Beryl ni wa London. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Hiyo ni ya chombo cha majini, alisema Hester.

— Na treni nayo hairudi?

— Umeigeuza kichwa chini, Tofali alidakia. London ndiyo yetu! Zile nyumba zao zimejengwa kwa udongo gani? Wa Fletton! Tumewapakilia ardhi yetu kwenye mabehewa, tukabaki na mashimo, nayo mashimo yakajaa maji, na sasa bata wanastarehe. Mkataa kwao mtumwa. Aubrey, andika “wa Peterborough, mama wa London”.

— Kwa hesabu hiyo sisi ni Hispania, alisema Filimbi, uso mkavu. Malkia Katherine wa Hispania si kalala mle kanisani? Kila Januari watu wanamletea makomamanga ya kwao kaburini. Ulishaona wapi mtu anapeleka matunda nchi ya watu?

— Yule mwacheni!

Sauti ya Hester ilipanda kuliko alivyotaka. Habari za malkia alizikariri kwa ajili ya usaili wa kazi ya kutembeza watalii. Kazi ilikwenda kwa mpwa wa mtu.

— Mumewe mfalme alimtupa, akaamuru azikwe kama mjane tu wa marehemu kaka yake aliyemwoa kwanza, si malkia. Yeye mpaka pumzi ya mwisho anasema, mimi ni malkia wa Uingereza. Karne na karne zimepita ndipo wakamwekea kaburini herufi za dhahabu, zinazosema alichokuwa akikisema mwenyewe siku zote.

— Subira huvuta heri, alisema Tofali.

— Ameshakufa, Tofali.

— Heri ilikosa treni, alisema Filimbi.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mwanamke wasiyemjua, mfuko wa viazisukari vyekundu mapajani, akipumzisha miguu. Alijitaja kwa jina la Daiva, akaomba radhi kwa kuingilia.

— Babu, huyo mkeo, watu wakimuuliza katoka wapi, yeye mwenyewe alikuwa anajibu nini?

Tofali alikosa methali. Hester alipekua digrii nzima, asione mahali alipofundishwa kuuliza hivyo. Aubrey aliinamia kikombe chake. Alijua Beryl alilala upande gani wa kitanda, na wimbo aliouimba akisugua madirisha.

— Hakuna aliyemuuliza, alisema. Nani amuulize? Alikuwa yupo tu.

— Mimi naulizwa kila siku, alisema Daiva, bila uchungu, kama anayetaja mvua. Dukani, kwenye basi, kwa daktari wa meno.

— Na unajibu nini? aliuliza Hester.

— Hapa, nasema Lithuania. Nikienda Lithuania, nasema Peterborough.

— Kaunti hawakuulizi?

— Hajauliza hata mmoja.

Simu ikalia. Aubrey hajui kuipunguza sauti, kwa hiyo benchi zima lilimsikia mchonga mawe.

— Mzee Setchell, niandike kaunti gani?

Aubrey alimtazama Daiva, kisha akalitazama lango.

— Kaunti acha. Andika “Beryl Setchell, wa hapa”.

Penseli ilisikika ikikwaruza jiwe. Ikasimama.

— Hapa wapi?

Aubrey akamwangalia Hester. Hester akamwangalia Filimbi. Filimbi akainua chupa, akaitikisa karibu na sikio.

— Kahawa imekwisha, alisema.