Koti la Bwana Harusi na Kidege cha Kujirusha

Hivi wewe, ukipewa kazi ya kumpiga picha bwana harusi, halafu kamera yako ikamtoroka mbele ya wageni ikaenda zake migombani, ungejitetea vipi? Gadiel alikuwa ameulizwa hivyo tangu Jumapili, na sasa aliulizwa tena pale Sokon I, kwenye benchi la Saadi muuza kahawa. Walimwita Digrii. Jina la heshima, ukisahau kwamba digrii yenyewe haijawahi kumfikisha ofisini hata kwa usaili.

Droni ilikuwa ya kuazima, toleo la mwanzo mwanzo la zile za kujirusha zenyewe. Unaitupa juu kama unamrusha kuku uani, inawaka, kisha inamfuata yeyote aliyebeba kifaa chake kidogo, cha mviringo kama biskuti. Rubani hana kazi. Graduate kabisa. Gadiel alikitia kifaa hicho kwenye mfuko wa koti la bwana harusi kule Akheri, akasimama kando kama bosi, maana mjomba wa bibi harusi, Mzee Daniel, mwenye kampuni ya kupeleka watalii mlimani, alishamwahidi: picha zikitoka safi, anaanza kazi kwake.

Kisha wazee wa kamati wakamvua bwana harusi koti ili wamvike shuka la baraka. Kidege kikageuka, kikawaacha maharusi, kikaenda kuelea juu ya migomba mpaka betri ikakata. Kamati ya harusi ikakiokota, ikakifungia kabatini kwa mwenyekiti wake, Mzee Philemoni, na kumwambia Mzee Daniel kwamba kijana hajui kazi.

Mzee Philemoni mwenyewe alikuwepo hapo benchini, kikombe mkononi, akisikiliza kwa huruma kubwa.

Saadi alisema kidege ni cha Ulaya, kilizoea ukijani, kimeona migomba kikajua kimefika kwao. Loserian, ambaye kijiwe kilimwita Redio kwa sababu hazimiki, alikataa. Kile kilikuwa kinahesabu migomba kwa ajili ya mabeberu. Kesho utasikia Mlima Meru umepata mwekezaji.

— Kilifuata koti, Gadiel alisema. Simple. Kifaa kilikuwa mfukoni. Na koti lilirudi jioni likinuka mbege, pombe ya ndizi, kwenye harusi ya Kilutheri yenye soda tupu.

— Digrii, mwanangu, alisema Mzee Philemoni kwa upole, hayo ni ya vitabuni. Mashine hizi zinanusa madini. Chini ya ile migomba kuna kitu. Ndiyo maana nimekihifadhi. Ni suala la usalama wa taifa.

Benchi zima likatikisa kichwa kukubali. Usalama wa taifa, kwenye kabati la vyombo, kati ya hotipoti na vikombe vya wageni. Gadiel alitaka kucheka, akakumbuka Mzee Daniel hapokei tena simu yake, na kwamba wiki hii atamchukua mtu mwingine.

Hapo akafika Silantoi, muuza mitumba, mtandio begani. Akawasalimia, akampa Mzee Philemoni shikamoo yake, akaagiza kahawa. Redio akamsimulia yote, madini na mabeberu pamoja, bila kumeza mate.

— Sawa, alisema Silantoi. Sasa kama kimepiga picha za migomba tu, mmekifungia cha nini?

Saadi akaanza kusuuza kikombe kilichokuwa kisafi. Mzee Philemoni alitazama mlimani kana kwamba jibu lingeshuka na mawingu.

Gadiel akasimama.

— Mzee wangu, shikamoo tena. Heshima yako iko palepale. Lakini wewe na kamati yako mfungue hilo kabati leo hii, mkitoe kidege na picha zake zote, na mumwite Mzee Daniel akae nasi hapa azitazame mwanzo mpaka mwisho, amwone aliyevaa koti. Kisha mumwambie ninyi wenyewe, kwa midomo yenu, nani hajui kazi.