Madhumuni Mapya ya Mama Lete

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi popote mlipo. Leo kwenye kipindi chetu tunamkumbuka Mama Lete. Alifariki Jumanne alasiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na saba. Alizikwa Alhamisi. Leo ni Jumamosi, nami niko mbele ya kipaza sauti, nayatamka haya kama mtu anayesoma bei za mboga. Mniwie radhi. Machozi nimeyasubiri tangu Jumanne, hayajaja.

Mama Lete alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mama Lete, fundi cherehani, mwanzilishi wa kikundi cha kuokoa wanyama hapa mjini kwetu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa. Ukibisha hodi kwake na paka mwenye vidonda, au mbwa asiye na mwenyewe, au bata aliyevunjika bawa, hakuuliza umemtoa wapi. Alisema tu, "Lete."

Yote yalianza na mbwa aliyegongwa na gari mbele ya duka lake. Mama akambeba, akamlaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akamshona paja kwa uzi wa bluu. Daktari wa wanyama alipofika alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, huu ni mshono wa kaptula!" Lakini mbwa alipona, na daktari akawa mwanachama wa pili.

Walipofika watu tisa, wakaenda kusajili kikundi. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya mstari mmoja: madhumuni ya kikundi. Mama Lete akaandika maneno manne. "Kuokoa kila mnyama anayeteseka." Nilipojiunga nao, mstari ule niliusoma hapa redioni mara nyingi sana. Unasikika vizuri redioni.

Ikapita miaka kumi na tisa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasikilizaji. Watu walikuja na magari mazuri, wakashusha boksi langoni, wakaondoka kabla Mama hajafika. Mabanda ya uani kwake, ya kutosha wanyama thelathini, yakawa na sabini na wanne. Kisha ukaingia ugonjwa wa kuharisha. Kwa mwezi mmoja walikufa watoto wa mbwa kumi na tisa. Mama aliwafukia mwenyewe, nyuma ya mabanda. Daktari akamwambia kweli bila kuipaka sukari: wasingebanana vile, wengi wangepona.

Mumewe, seremala mstaafu, amenisimulia usiku ule. "Hakula. Aliniambia, baba watoto, mstari wangu umewaua. Nikamwambia, we mama, mstari hauui mbwa. Akasema, huu umeua."

Asubuhi yake akaitisha mkutano. Alitaka jambo moja: mstari wake mwenyewe ubadilishwe. Mwenye bucha, aliyekuwa akitoa mifupa bure miaka yote, alisimama kwa hasira. "Tukianza kuchagua, tutakuwa kama watu wengine tu!" Mama Lete akamjibu taratibu, "Ndiyo, baba. Tutakuwa kama watu wengine wenye mabanda sita." Watu walicheka, kisha wakapiga kura. Thelathini na mmoja walikubali. Kumi na wawili walikataa. Mimi nilikuwa kati ya hao kumi na wawili.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katiba ya kikundi inasema madhumuni mapya yanaanza kutumika siku yanapotangazwa redioni, ili umma ujue. Kesho yake Mama alikuja hapa studio na karatasi. Nikamwambia kipindi kimejaa, aje wiki ijayo. Hakikuwa kimejaa. Wiki iliyofuata nikamwambia karatasi haina muhuri. Akaenda, akarudi na muhuri. Wiki ya tatu nilimtuma mlinzi aseme sipo. Nilimzungusha mama wa watu wiki tatu kwa sababu niliupenda mstari wa zamani. Nilijua pia kwamba mpya hautasikika vizuri.

Na yeye hakuvunja katiba. Binti yake alimsihi afunge lango. Akakataa. "Tangazo halijasomwa, mwanangu. Aliyeahidiwa ameahidiwa." Kwa hiyo aliendelea kupokea. Katika wiki hizo tatu alipokea wanyama ishirini na wawili. Tisa wameshakufa. Jumanne Mama alifagia mabanda tangu alfajiri, na alipomaliza aliketi kitini, hakuinuka tena. Daktari wa hospitali anasema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Huenda. Sijamuuliza zaidi.

Alhamisi, tulipotoka makaburini, tulimkuta mwanamke langoni na paka ndani ya kikapu. Wote tukamtazama binti. Akanyoosha mikono, akapokea kikapu. Kisha akanigeukia mimi, mbele za watu. "Kaka, huyu ni wa mwisho. Nenda kasome." Hakupaza sauti. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nilimwona pale, amesimama na kikapu.

Basi nasoma. Karatasi ina muhuri. "Madhumuni ya kikundi ni kupokea wanyama wale tu tunaoweza kuwalisha, kuwatibu na kuwapa nafasi ya kulala, na kuwasaidia watu kuwatunza wengine huko walipo." Narudia: wale tu tunaoweza. Sasa ni saa nne na dakika kumi na moja asubuhi. Kuanzia dakika hii, hayo ndiyo madhumuni.

Tunatoa pole kwa mumewe, kwa binti yake, na kwa wanachama wote, mwenye bucha akiwemo, ambaye tangu Jumanne hajafungua duka. Mungu awape subira.

Na wewe unayenisikiliza, tafakari kidogo. Ukimkuta paka amejikunja chini ya gari lako leo, usikimbilie kutafuta boksi. Mpe maji kwanza. Jiulize kwa nini awe wa Mama Lete na asiwe wako. Ukienda langoni, binti atakuambia hapana. Usimgombeze. Leo asubuhi, kabla sijaja hapa, nilimkuta amesimama uani peke yake, anajifunza kulitamka neno hilo.